Cha Tatu Kutoka Kushoto

Tampere, saa tisa alasiri, na jua limeshafunga kazi.
Theluji inaanguka bila pupa,
kama mtu anayelipwa kwa saa.

Mbele yangu majaribio mia mbili kumi na manne.
Yote ya kijani,
isipokuwa moja.
Roboti yangu inalalamika kwa lugha yake ya mkato:
Sikioni. Nimengoja sekunde thelathini. Sikioni.

Mbona mimi nakiona! Kipo, kimeandikwa THIBITISHA,
kwenye ukurasa wa kuomba dawa upya,
ule ambao wazee wa Kainuu huufungua kwa kidole kimoja
na miwani miwili.

Ni mimi niliyeifunza vibaya, mwaka juzi, nina haraka:
ingia kisanduku cha nne, humo shika cha pili,
humo hesabu kutoka kushoto, cha tatu ndicho.
Ikashika. Ikabonyeza, ikabonyeza, miaka miwili.
Hadi Ijumaa, Sampsa alipoongeza tangazo la sikukuu,
mstari mmoja tu na mchoro wa mshumaa,
na kila kitu kikasogea hatua moja.

Na kitambulisho? Usiniulize.
Kila tukijenga upya, mashine hukibatiza upya,
leo b7x, kesho q0m,
majina ya mtu anayekimbia madeni.

Nikachimba. Kumbe kitufe kimehamia pia.
Kimo ndani ya elementi tuliyojitungia wenyewe,
jina letu lenye kistari katikati,
na ndani yake mna kivuli,
na kivulini ndimo kilimojikunyata.
Jicho la mtu hupita humo bila hodi.
Kiteuzi changu cha zamani kinagonga ukuta.

“Iongezee muda,” Sampsa anasema, mkono mmoja tayari kwenye koti.
“Sekunde sitini.”
Kungoja si kutafuta, Sampsa.

Baba yangu alipeleka barua huko Suomussalmi.
Majira yake ya kwanza ya baridi alipewa karatasi:
sanduku la tano baada ya daraja, Moilanen.
Usiku trekta la theluji likang'oa masanduku mawili,
na wiki nzima barua za Moilanen
zikaingia kwa marehemu.
Hakuna aliyelalamika. Kule watu hawapendi kusumbua.
Tangu hapo alishuka garini kila sanduku,
akapangusa theluji kwa glavu, akasoma jina.
Alichelewa. Alikaripiwa.
Glavu ya kulia ilikwisha kabla ya ya kushoto, kila mwaka.

Basi nimeandika kiteuzi changu mwenyewe, mistari kumi na miwili.
Hakihesabu. Kinaingia kivulini,
kinauliza: humu nani ni kitufe?
kisha kinapangusa, kinasoma.
THIBITISHA. Wewe ndiye.

Nikaendesha.

Jekundu tena.

Nikataka kuitupa kompyuta mtoni Tammerkoski.
Lakini soma, ujumbe umebadilika:
Nimekiona. Hakibonyezeki. Kimefunikwa.

Nikaminya dirisha la kivinjari hadi upana wa simu,
na mshumaa wa Sampsa ukashuka,
ukaketi juu ya kitufe, ukatulia,
unawaka vizuri sana.

Tangu Ijumaa.
Leo ni Jumatano.

“Ilazimishe,” Sampsa anasema, ila kwa sauti ndogo.
Ndiyo, amri ipo, neno moja tu,
na roboti itabonyeza kupita mshumaa kama haupo,
na majaribio yote yatakuwa ya kijani,
na huko Kainuu mtu ataguguna skrini kwa ukucha,
atafikiri kosa ni lake,
ataizima simu, atahesabu vidonge vilivyobaki.
Hatapiga simu. Hawapendi kusumbua.

Sikusema hayo yote. Nilimgeuzia skrini.
Sampsa akatazama kwa muda,
akavua koti,
akauzima mshumaa.